Sensa Haijui Petroli

Jioni ya kwanza niliongeza mafuta ya pikipiki yangu, kwenye kompyuta ya injini, kwa asilimia 5. Jioni ya pili nikaongeza 8. Ya tatu sikumbuki niliongeza ngapi, ila nakumbuka macho yalikuwa yananiwasha kwa harufu ya petroli mbichi, moshi mweusi ulikuwa unapaka ukuta nyuma ya ekzosi, na kwenye skrini namba ilikuwa imeng'ang'ania karibu na 17. Yaani uzito wa hewa mara 17 ya uzito wa petroli. Ukiisikiliza namba hiyo, injini ilikuwa inakufa kwa njaa. Ukiisikiliza pua yangu, ilikuwa imevimbiwa.

Niliamini namba. Sensa, kile kidude kinachopima moshi wa ekzosi na kuleta namba kwenye skrini, ilikuwa mpya, nilikuwa nimetoboa ekzosi na kuchomelea kikombe cha kuishikia kwa mikono yangu mwenyewe, na mtu akishahangaikia kipimo kiasi hicho huona haya kukibishia. Nilikuja kuishiwa na ujasiri pale nilipofungua plagi ya silinda ya nyuma ikatoka nyeusi tii, imevaa masizi laini kama utambi wa kandili. Njaa gani hiyo inayoacha masizi?

Jibu lilikuwa limechapishwa kwenye karatasi ya maelekezo iliyokuja na sensa, ambayo mimi nilikuwa nimeitandika chini ya kopo la oili. Sensa haipimi petroli. Haijui hata kama petroli ipo duniani. Inachojua ni oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Hesabu ya petroli tunaikisia sisi kutokana na oksijeni hiyo. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukizidi uzito, yaani petroli ikizidi, hadi plagi ikashindwa kuuwasha, petroli hutoka nje haijaungua na oksijeni yake hutoka nayo. Sensa inaiona oksijeni, inatangaza kwamba hewa ni nyingi. Mimi nikisikia hewa ni nyingi naongeza petroli, plagi inazidi kushindwa, oksijeni inazidi kutoka. Jioni tatu nilikuwa namnywesha maji mtu anayezama kwa sababu kipimo kimesema ana kiu.

Na hapo bado sijataja gasketi ya ekzosi iliyokuwa inavuja. Nitaifikia.

Pikipiki yenyewe ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, inapozwa kwa hewa, na iliniingiza kwenye mambo haya pale nilipobadilisha ekzosi na boksi la hewa. Zamani za kabureta ungebadilisha jeti, ukainua sindano pini moja, ukaenda zako. Injeksheni, yaani petroli kunyunyizwa kwa amri ya kompyuta, si mgeni kwenye pikipiki. Kawasaki waliuza Z1000 yenye injeksheni tangu 1980. Lakini kwa wengi wetu bado ni kisanduku kilichofungwa. Ndani ya kompyuta ya injini kuna jedwali: upande mmoja mizunguko ya injini kwa dakika, upande mwingine kiasi mlango wa hewa ulivyofunguka, au shinikizo la hewa baada ya mlango huo, na kila kisanduku kina namba inayoiambia kompyuta injini imevuta hewa kiasi gani. Kompyuta haioni hewa ikiingia. Inatazama mizunguko, inatazama mlango, inakwenda kusoma kwenye jedwali hewa inapaswa kuwa kiasi gani, kisha inaamuru injekta ifunguke kwa milisekunde kadhaa. Ukibadilisha ekzosi, injini inapumua tofauti, ila jedwali linaendelea kusimulia injini ya zamani. Kuseti mafuta ni kuliandika upya jedwali hilo lifanane na injini uliyo nayo.

Sensa ambayo kiwanda kiliweka kwenye ekzosi haikusaidii sana kwa kazi hiyo. Ni ya ukanda mwembamba. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia ambayo ikipata moto hupitisha ayoni za oksijeni, na kwa kulinganisha moshi na hewa ya nje hutoa volti: kama 0.1 mchanganyiko ukiwa mwepesi, kama 0.9 ukiwa mzito, na katikati, kwenye 0.45, inapinduka ghafla. Mpinduko huo unatokea kwenye uwiano mmoja tu, ule ambao petroli yote na oksijeni yote zinamalizana, takriban 14.7 kwa 1. Ni shahidi wa ndiyo na hapana. Muulize kama mchanganyiko ni mzito, atajibu. Muulize ni mzito kiasi gani, anarudia ndiyo. Bosch na Volvo waliiingiza kwenye magari mwaka 1976 kwa ajili ya kupunguza sumu ya moshi, na kwa kazi hiyo ndiyo na hapana zinatosha: kompyuta inaongeza kidogo, inapunguza kidogo, inayumba huku na huku juu ya mstari.

Sensa ya ukanda mpana ni mnyama mwingine, na kusema kweli ni kitu kinachonifurahisha kuliko pikipiki yenyewe. Ndani yake kuna chumba kidogo ambacho moshi huingia kupitia tundu jembamba. Kando ya chumba kuna pampu, nayo ni kauri ileile, ila safari hii inapewa umeme ili isukume oksijeni. Moshi ukija na oksijeni ya ziada, pampu inaitoa nje. Ukija hauna oksijeni, pampu inaingiza ili mabaki ya petroli yapate cha kumalizana nacho. Lengo lake ni chumba kibaki sawa wakati wote, na kiasi cha umeme kinachotumika kukilinda chumba hicho ndicho kipimo. Ili yote haya yatokee kauri lazima iwe ya moto sana. Ile inayoitwa LSU 4.9, ambayo vifaa vingi vya kuseti hutumia, hufanya kazi kwenye nyuzi 780 hivi, na ina hita yake. Ndiyo maana hairuhusiwi kuiacha kwenye ekzosi bila umeme huku injini ikinguruma. Masizi yanaikalia, hakuna moto wa kuyachoma, na hiyo imekwisha. Tone la maji likiifikia ikiwa imewaka, kauri inapasuka. Kwa hiyo unaifunga kwa kuilaza upande wa juu wa bomba, kichwa kikiinama angalau nyuzi 10 kutoka usawa, ili maji ya asubuhi yasitulie ndani. Ya kwangu ya kwanza niliifunga chini ya bomba kwa sababu huko haikuonekana na pikipiki ilibaki nadhifu. Haikumaliza mwezi.

Kabla ya kwenda mbali, neno kuhusu namba zenyewe. Vipimo vingi huonyesha uwiano wa hewa kwa petroli, 13.2, 14.7 na kadhalika, na watu hubishana usiku kucha juu ya namba hizo. Sensa haiujui uwiano huo. Inachotoa ni lambda: 1.00 ni pale petroli na oksijeni zinapomalizana, chini ya hapo ni mzito, juu ya hapo ni mwepesi. Kipimo kinachukua lambda na kuizidisha kwa 14.7 ili kikufurahishe. Ukijaza petroli yenye ethanoli asilimia 10, mahali pa kumalizana hushuka hadi 14.1 hivi, lakini skrini itaendelea kusema 14.7 kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliacha uwiano, nikabaki na lambda, na nusu ya mabishano yaliisha. Kwangu mimi injini hii ya kupozwa kwa hewa inapenda 0.88 mafuta yakivutwa yote, 0.95 kwenye mwendo wa taratibu, na 0.92 au 0.93 ikinguruma imesimama.

Sasa rekodi. Kuitazama namba huku ukiendesha hakufai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba utajigonga. Ya pili ni kwamba macho huchagua: utakumbuka ile 0.80 iliyokushtua na kusahau dakika kumi zilizokuwa sawa. Rekodi haichagui. Kila sehemu ya kumi ya sekunde, au chini ya hapo, inaandika mizunguko, mlango wa hewa, joto la injini, joto la hewa, volti za betri, muda wa injekta, na lambda. Unaendesha nusu saa bila kutazama chochote, unarudi, unamwaga faili kwenye kompyuta ya nyumbani, na programu inazipanga safu hizo elfu kadhaa kila moja kwenye kisanduku chake cha jedwali.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Kisanduku kina 92, lengo lilikuwa 0.90, rekodi inasema wastani ni 0.97. Gawanya 0.97 kwa 0.90 upate 1.078, zidisha kwa 92, andika 99. Kisanduku kinachofuata. Kuna programu zinazofanya hivyo zenyewe, unabonyeza kitufe na jedwali zima linajiandika upya. Usikibonyeze. Au kibonyeze, utazame matokeo, halafu ukatae kuyahifadhi, kama nilivyojifunza baada ya jedwali langu kugeuka kutoka kilima laini hadi kitu kinachofanana na meno yaliyong'oka. Injini haipumui kwa meno. Kisanduku kikisimama juu kwa asilimia 15 kuliko majirani zake wote, uwezekano mkubwa si kwamba injini ina uchawi kwenye mizunguko 3,250. Ni kwamba namba zilizoingia humo hazikuwa zinaongelea mafuta.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Kusahihisha jedwali kunachukua robo saa. Kuamua ni safu zipi za rekodi zina haki ya kuongea kulinichukua miezi.

Ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia, kompyuta hukata petroli kabisa. Silinda zinapampu hewa tupu, sensa inaona oksijeni kama ya nje, inaandika namba ya juu kabisa inayoweza. Hizo futa, pamoja na sekunde moja inayofuata. Injini ikiwa baridi kompyuta inaongeza petroli kwa makusudi kupitia jedwali lingine. Futa kila kitu kabla ya injini kupata joto lake la kazi. Ukivuta mafuta kwa ghafla, sehemu ya petroli inabaki imeganda kwenye kuta za njia ya hewa badala ya kuingia kwenye silinda, na kompyuta ina nyongeza maalumu ya kufidia. Hayo nayo si ya jedwali hili. Kwa hiyo unabaki na nyakati ambazo mlango wa hewa ulitulia. Ukiendesha kama kijana anayetaka kuonekana, rekodi ya nusu saa inakuachia dakika mbili za maana. Nilijifunza kuendesha kwa kuchosha: nashika mizunguko 3,500, mlango asilimia 6, nahesabu hadi kumi, nasogea hadi asilimia 8, nahesabu tena.

Halafu kuna kuchelewa, na hili nililipuuza muda mrefu. Kwenye mizunguko 1,000 injini ya mipigo minne inahitaji milisekunde 120 kumaliza duru moja: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Petroli iliyonyunyiziwa sasa itaonekana kwenye ekzosi duru moja baadaye, kisha isafiri hadi kwenye sensa, kisha sensa nayo ichukue muda wake kuitika. Kwenye mizunguko 6,000 duru ni milisekunde 20. Maana yake lambda iliyoandikwa kwenye safu moja na mlango wa hewa ulioandikwa pembeni yake si wa wakati mmoja, na pengo lao linabadilika kadiri injini inavyozunguka. Rekodi zangu za mwanzo zilikuwa zinamwadhibu jirani kwa kosa la mwenzake: kisanduku cha 4,000 kilikuwa mwepesi, nikakiongezea cha 4,500.

Waya wa ethi nao. Kidhibiti cha sensa kilikuwa kinatuma lambda kwa kompyuta kama volti kutoka 0 hadi 5, na mimi nilikuwa nimekifunga ethi kwenye boliti ya fremu iliyokuwa karibu. Boliti ilikuwa na rangi chini yake. Kati ya boliti hiyo na ethi ya kompyuta kulikuwa na tofauti ya 0.1 ya volti, kidogo kiasi kwamba hakuna taa ingejali. Lakini kama volti 5 zinabeba uwiano wa 10 hadi 20, basi 0.1 ni 0.2 ya uwiano, kila mahali, kila wakati, na inaongezeka ukiwasha taa kubwa. Nilisahihisha jedwali zima kwa kosa la rangi ya fremu. Ukishapata kidhibiti kinachotuma namba kwa dijiti badala ya volti, ugonjwa huu haukupati.

Gasketi sasa. Watu hudhani ekzosi ikivuja, moshi unatoka nje tu. Unatoka kweli, ila moshi husafiri kwa mapigo, na nyuma ya kila pigo shinikizo hushuka chini ya lile la nje kwa muda mfupi. Hapo tundu linavuta hewa. Tundu langu lilikuwa pale bomba linapokutana na silinda ya nyuma, halikutoa hata sauti ya maana, nililigundua kwa masizi yaliyochora mstari kama wa penseli kwenye alumini. Hewa iliyovutwa hapo inafika kwenye sensa ikiwa safi, na sensa, mwaminifu kama kawaida, inasema imeona oksijeni. Kwenye mizunguko ya juu mapigo yanabanana na hewa inayoingia ni kidogo mbele ya moshi mwingi. Kwenye mizunguko ya chini inatawala. Rekodi inayosema mwepesi chini na sawa juu, kabla hujagusa jedwali, kaze nati za ekzosi.

Nilipoweka gasketi mpya na kurudisha jedwali la kiwanda, lambda ya injini ikiwa imesimama ilisoma 0.94. Hakukuwa na tatizo lolote la mafuta pale tangu mwanzo.

Kisa kingine kilinila siku nzima ya mapumziko. Kila nikibadilisha visanduku vya mwendo wa taratibu, rekodi mpya ilirudi na lambda ileile 1.00. Niliongeza asilimia 6, ikarudi 1.00. Nikapunguza 6, ikarudi 1.00. Ni kama kusukuma mlango ambao mtu mwingine anausukuma kutoka upande wa pili kwa nguvu zilezile, na mtu huyo alikuwa sensa ya kiwanda, ile ya ndiyo na hapana, ambayo sikuifuta kazi. Kompyuta ilikuwa inaisikiliza na kufuta kila nilichoandika. Ama uzime usahihishaji huo wakati unarekodi, ama urekodi pia asilimia ambayo kompyuta inajiongezea na kujipunguzia, uihesabu. Niliizima.

Jambo la mwisho ambalo sikulitarajia ni muda mfu wa injekta. Injekta ni koili inayoinua sindano. Tangu umeme ufike hadi sindano iinuke kuna kama milisekunde 1.0 ambayo hakuna petroli inayotoka, na volti za betri zikishuka muda huo unarefuka. Injini ikinguruma imesimama, kompyuta yangu inaamuru milisekunde 2.2. Toa 1.0, petroli halisi ni ya 1.2. Muda mfu ukirefuka kwa 0.1 bila kompyuta kufidia, umepoteza zaidi ya asilimia 8 ya petroli. Mafuta yakivutwa yote, amri ni ya milisekunde 10, na ile 0.1 haifiki hata asilimia 1.2. Kwa hiyo pikipiki inayokohoa taa zikiwashwa na kutulia zikizimwa, usiiandikie jedwali la hewa. Kuna jedwali dogo la volti, mara nyingi namba sita au saba tu, na huko ndiko kwa kwenda.

Sehemu ya mafuta kuvutwa yote, ambayo ndiyo watu huipiga picha, ilikuwa rahisi kuliko zote. Injini inavuta hewa nyingi, mapigo yako karibu karibu, sensa ina moshi wa kutosha, namba zinatulia. Niliikodia kiwanja kilichofungwa asubuhi moja, nikapita mara nne, na safu yote ya mlango asilimia 100 ikakaa kati ya 0.87 na 0.89. Kutoka asilimia 60 hadi 80 ya mlango injini haioni tofauti kubwa. Kutoka asilimia 2 hadi 4 tundu la hewa linakaribia kuongezeka maradufu, na huko ndiko unakoishi kila siku, kwenye foleni na kwenye kona.

Huko chini ndiko nilikobakiza kisanduku kimoja. Mizunguko 2,750, mlango asilimia 4. Nilikuja kuweka sensa mbili, moja kwa kila silinda, na hapo zinasomana tofauti: ya mbele 0.95, ya nyuma inacheza kati ya 0.98 na 1.06 bila mpango. Gasketi ni nzima, nimezipulizia maji ya sabuni. Ekzosi yangu ni fupi, na bomba la nyuma ni fupi zaidi; kwenye mizunguko hiyo pigo la moshi linarudi nyuma na kuvuta hewa kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye sensa. Najua kwa sababu nilifunga kipande cha bomba cha sentimita 40 mdomoni kwa muda, na 1.06 ikapotea. Nikakitoa, ikarudi. Masikioni injini imetulia, haikohoi, plagi ya nyuma ina rangi ya biskuti. Programu inanishauri niongeze asilimia 9 kwenye kisanduku hicho, na kila nikifungua faili inakipaka rangi nyekundu. Nimekiacha kilivyo.